Kijumbe Naye Hucheza

Niliporudi Tanga mwishoni mwa mwaka 2015, baada ya kufanya kazi Dar es Salaam kwa miaka sita katika huduma za fedha kwa simu, nilikuja na kompyuta mbili, akiba ya kunitosha miezi kumi, na wazo la programu ya simu ambayo ingewasaidia wakusanyaji wa maziwa wa Pongwe, Muheza na Korogwe kuandika lita wanazopokea na fedha wanazodaiwa na wafugaji. Wateja sikuwakosa, kwa kuwa mkoa huu una ng'ombe wa maziwa na wafugaji wake wameungana katika ushirika kwa muda mrefu. Nilichokikosa ni wenzangu. Dar es Salaam, nikikwama katika jambo la kodi, la bei, au la fundi aliyetoweka na nusu ya malipo, nilivuka barabara tu na kumkuta mtu aliyekwama palepale mwaka mmoja kabla yangu. Tanga nilikwama peke yangu, na miezi mitano ya akiba ikaisha kwa makosa ambayo mtu mwingine wa mji huuhuu, kama nilivyokuja kugundua baadaye, alikuwa amekwisha kuyafanya.

Ni lazima niueleze mji wenyewe kwanza, kwa sababu jumuiya ya wajasiriamali haiwezi kueleweka nje ya mahali ilipoota. Tanga ni mji uliozoea kuajiriwa na jambo kubwa. Reli ya kwanza ya nchi hii ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, na mwaka huohuo miche ya kwanza ya mkonge ikaletwa na kupandwa upande wa Pangani. Kwa vizazi kadhaa mtoto wa hapa alizaliwa na kumkuta baba yake yuko shambani, relini au bandarini. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge. Baada ya hapo nyuzi za viwandani zikauangusha mkonge sokoni, mashamba yakafifia moja baada ya jingine, na waliobaki wakarithi tabia ya kungoja jambo kubwa jingine. Mwaka 2016, ilipojulikana kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, litaishia Chongoleani, maneno "bomba likija" yalisikika katika kila baraza ya kahawa, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioyasema. Sioni ubaya katika matumaini hayo, maana ajira ni riziki ya watu. Lakini nilianza kuona kwamba vijana wenye mawazo mazuri walikuwa wakiyaweka kabatini mpaka hapo jambo kubwa litakapofika, na hakuna aliyekuwa akimwuliza mwenzake amefikia wapi.

Jaribio langu la kwanza la kuwakusanya lilikuwa la mwaka 2016. Nilikodi ukumbi wa hoteli, nikachapisha bango na fulana, nikaandika barua kwa mgeni rasmi na kumsubiri kwa saa mbili siku ya tukio. Walikuja watu zaidi ya themanini. Hotuba zilikuwa tatu, zote za kututaka tujiajiri, na baada ya vitafunio watu wakapiga picha na kuondoka. Mwezi uliofuata niliita tena, safari hii bila chakula, wakaja sita. Nilikasirika, nikajiambia kwamba watu wa mji huu hawapendi maendeleo, na ninaandika jambo hilo kwa sababu nimewasikia waandaaji wengi katika miji mingine wakisema maneno hayohayo kuhusu watu wao. Watu wale themanini hawakuwa na kosa lolote. Niliwaita wasikilize, wakasikiliza, kazi ikaisha.

Jaribio la pili lilinigharimu zaidi. Nilipokuwa Dar es Salaam nilikuwa nikienda mara kwa mara kwenye Buni, ukumbi wa ubunifu ulioanzishwa mwaka 2011 chini ya COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama, na nilisikia habari za iHub, ukumbi wa aina hiyohiyo wa Nairobi uliofunguliwa mwaka 2010. Nikaamini kwamba Tanga inakosa chumba. Mwaka 2018 mfadhili mmoja alikubali kutulipia kodi ya pango, intaneti, meza na viti kwa muda wa mwaka mmoja na miezi miwili, kwa sharti kwamba tuonyeshe idadi ya wanaohudhuria kwa karatasi yenye saini. Sikuwa nimeizingatia historia ya kumbi nilizokuwa nikiziiga. Erik Hersman, mwanzilishi wa iHub, alikuwa mmoja wa walioanzisha Ushahidi mwaka 2008, wakati wa vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya, jukwaa la mtandaoni la kukusanya taarifa za vurugu hizo, lililojengwa usiku na mchana na watu waliojitolea. Watu walikuwa wamekwisha kufanya kazi pamoja na kuaminiana kwa miaka miwili ndipo paa likafuata. Mimi nilianza na paa.

Kilichotuvunja hasa ni posho. Mwanzoni tulikuwa watu kumi na saba tunaokuja kwa sababu zetu wenyewe. Ili karatasi za saini zijae, mradi ukaanza kutoa nauli, na nauli ikawa posho. Ndani ya miezi mitatu wahudhuriaji walifika sitini. Nilifurahi, nikapeleka taarifa nzuri. Sikuona kwamba wale kumi na saba walikuwa wakipungua, kwa sababu katika chumba cha watu sitini hakuna anayeweza kusema kwa sauti kwamba mkopo umemshinda au kwamba mteja wake mkubwa amemkimbia; husemwa mambo ya kupendeza tu. Fedha ya mradi ilipokwisha, wale sitini waliondoka kwa haki kabisa, kwa kuwa mkataba wetu nao ulikuwa ni posho, na nilipowafuata wale wa mwanzo nyumbani kwao, mmoja wao, kijana wa Makorora anayetengeneza mashine za kukunia nazi, aliniambia kwa upole, "Dada, mimi niliacha kuja siku nilipoambiwa nisaini kabla ya kusalimiwa."

Ni shangazi yangu aliyenifundisha nilichokuwa nikikitafuta. Anakaa Ngamiani, katika moja ya zile barabara zetu za namba, na kwa miaka ishirini na miwili amekuwa kijumbe, yaani mshika daftari na fedha, wa mchezo wa wanawake wa mtaa ule, ambao huweka fedha pamoja na kuzipokea kwa zamu: wauza vitumbua, wauza khanga, mwenye genge, mshona mashuka, na mwalimu mmoja mstaafu. Nilimwendea siku moja kumsalimia, nikamsimulia jinsi chumba kilivyofungwa.

"Hao watu wako wanakutana siku gani?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba tulikuwa tukikutana tukipata mtu wa kutufundisha.

"Na wewe ulikuwa unaweka nini?"

Sikulielewa swali. Nikaanza kumweleza kuhusu muda wangu na barua nilizoandika.

"Sikuulizi jasho lako, mwanangu. Mimi kijumbe naweka elfu tano kama wenzangu, na zamu yangu imeandikwa daftarini kama zao. Siku nitakayokaa na daftari bila kuweka, nitakuwa karani. Nani atamwachia karani fedha zake?"

Nimelifikiria swali lake kwa miaka sasa, na kila ninachokijua kuhusu jumuiya ya wajasiriamali kimetoka humo. Mimi nilikuwa nimejifanya mwandaaji. Nilikuwa na biashara changa inayoyumba kama zao, lakini sikuwahi kuitaja mbele yao; niliwakaribisha waeleze shida zao nami nikabaki msimamizi wa mazungumzo. Wakaniona karani. Viongozi wa halmashauri, wahadhiri, watu wa benki na wafadhili wote wana nafasi katika jambo hili, na tumefaidika na wengi wao, lakini hawawezi kuwa vijumbe, kwa sababu biashara ikifa hawali hasara. Anayelishika daftari lazima awe na zamu yake ndani ya daftari hilo.

Tulianza upya Januari 2020, watu tisa. Siku tuliyoichagua ni Jumanne, baada ya sala ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Uchaguzi huo ulituchukua wiki nzima na ninashukuru kwamba hatukuufanya haraka. Alhamisi jioni wengi wana dua na shughuli za usiku wa Ijumaa. Jumatatu wauza sokoni wanahesabu mzigo. Jumamosi ni ya harusi. Tukakubaliana kwamba Jumanne haitahamishwa kwa mvua, kwa mgeni, wala kwa kuwa tumebaki wawili. Mwezi wa Aprili mwaka ule, masika yalipokuwa makali na watu wakiogopa mikusanyiko kwa sababu ya korona, kuna Jumanne mbili ambazo niliketi na mtu mmoja tu, yule fundi wa Makorora, viti viwili mbalimbali, tukazungumza habari za beringi. Daftari likaandikwa kama kawaida.

Mahali napo palikuwa na maana ambayo sikuitazamia. Tulianzia kwenye baraza ya kahawa, nje, kwa kuwa ndipo wanaume wa pwani walipozoea kuketi na kujadili mambo yao, na kwa majuma sita hatukupata wanawake zaidi ya wawili. Hakuna aliyewazuia. Lakini mwanamke wa Ngamiani hatakaa kibarazani na wanaume akieleza madeni yake huku wapita njia wakimsikia, na mimi mwenyewe, niliyezaliwa mtaa ule, nilikuwa nimejizoeza kuketi hapo kwa sababu ya miaka ya Dar es Salaam tu. Shangazi alitufungulia ua wake. Tukatandika mkeka chini ya mwembe, mlango wa uani ukabaki wazi, naye akawa yumo ndani akipita na shughuli zake. Uwepo wake ulitosha kuondoa maneno ya watu. Kufikia mwisho wa mwaka wanawake walikuwa zaidi ya nusu, na hesabu zao, nasema hili bila kupendelea, zilikuwa safi kuliko za wanaume, maana wengi walikuwa wamefundwa na mchezo na vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, kwa miaka.

Utaratibu wetu ni mmoja na haujabadilika. Kila Jumanne ni zamu ya mtu mmoja, na zamu hupangwa miezi mitatu mbele. Mwenye zamu huja na daftari lake la mauzo na matumizi, hulisoma kwa sauti, kisha hutaja jambo moja lililomshinda. Kabla ya yeyote kutoa ushauri, wote huuliza maswali tu kwa muda wa nusu saa. Sehemu hiyo ya maswali ndiyo ngumu, kwa kuwa sisi watu wa pwani hupenda kusema, na imetulazimu kukatizana mara nyingi.

Nitatoa mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu ndio ulionithibitishia kwamba tumeshika njia. Kijana mmoja aliyemaliza chuo alikuwa ametumia miezi minane kutengeneza programu ya kuwaonyesha wakulima wa machungwa wa Muheza bei za masoko ya Dar es Salaam na Kenya, akiamini kwamba wakulima wanapunjwa kwa kutojua bei. Wakulima waliipokea, wakamshukuru, wakaendelea kuuza kwa bei ileile. Siku ya zamu yake alikuwa karibu kulia. Katika nusu saa ya maswali, mama mmoja ambaye amenunua na kuuza machungwa tangu ujana wake alimwuliza, "Mwanangu, shamba lile liliuzwa lini?" Kijana akataja mwezi wa mavuno. Mama akasema hapana, anauliza liliuzwa lini. Ndipo ikafafanuka kwamba machungwa mengi huuzwa yakiwa bado mtini, miezi kadhaa kabla ya kuchumwa, kwa mchuuzi anayetoa fedha taslimu wakati mkulima amebanwa na sare za shule, matibabu au msiba. Bei ya soko siku ya mavuno haimhusu tena mkulima huyo. Tunda si lake. Yale ambayo kijana hakuyaona kwa miezi minane aliyasikia kwa dakika kumi, kutoka kwa mtu aliyekuwa akiishi mitaa mitatu kutoka kwao. Alipoacha habari ya bei, alianza kufanya kazi na kikundi kimoja cha kuweka na kukopa cha wakulima, akiwawekea hesabu za miti na makadirio ya mavuno, ili kikundi kiweze kumkopesha mwanachama wake kiasi kinachomfaa bila yeye kuuza shamba zima lingali na maua. Biashara yake si kubwa, lakini inamlipa.

Jambo jingine tulilolipata bila kulipanga ni kumbukumbu ya milango. Mtu anayetaka kuuza mafuta ya nazi kwenye chupa yenye lebo ana safari ya kusajili jina la biashara BRELA, kupata namba ya mlipa kodi TRA, kukata leseni ya halmashauri, kwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho, kisha kuomba alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Maelezo ya hatua hizo yapo mtandaoni na yanasomeka. Lakini dada mmoja wa Mwambani alikuwa ameyasoma mara nyingi na bado anauza mafuta yake kwenye chupa za maji zilizotumika, kwa hofu ya kuingia ofisini na kuulizwa asilolijua. Siku alipolisema hilo, mwenzetu anayesindika viungo, ambaye alikuwa ameipita njia hiyo mwaka uliotangulia, alimwambia, "Kesho asubuhi nakupitia, twende wote." Walikwenda. Tangu hapo, kurasa za nyuma za daftari letu zina orodha ya nani amepita mlango gani na mwaka gani, na anayepita leo anajua kwamba atamsindikiza mmoja kesho. Sijaona semina inayoweza kufanya kazi ya orodha hiyo.

Tumepata pia kuumizana. Mwaka 2022 mmoja wetu aliiga chupa na rangi za mwenzake, baada ya kusikia hesabu zake mkekani, akaanza kuuza katika maduka yaleyale. Tulikaa Jumanne mbili bila zamu, tukizungumza suala hilo tu. Aliyeiga alibadilisha lebo, lakini aliyeibiwa hakurudi tena kwa mwaka mzima, na sikumlaumu. Uaminifu wa watu ishirini ulikuwa umejengwa kwa miaka miwili ukatikiswa kwa chupa. Kanuni tuliyoiweka baada ya hapo ni fupi: unaweza kuchukua funzo kutoka mkekani, huwezi kuchukua mteja.

Kuhusu mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria imeigawa kuwa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, msimamo wetu umekuwa kwamba wanaotaka waunde vikundi vyao kando na sisi tuwasaidie kuandika andiko. Jumuiya yenyewe haikopi. Nimeviona vikundi vilivyoundwa kwa ajili ya mkopo, vikavunjika wiki ileile fedha zilipogawanywa, na watu waliokuwa marafiki wakawa wadaiwa wa kesi moja.

Waliohamia Dar es Salaam niliwanung'unikia kwa muda mrefu. Tanga ina msemo wake wa zamani, waja leo waondoka leo, na kila kijana mwenye kipaji aliyepanda basi pale Kange niliona ametupunguza. Shangazi hakuliona hivyo. Katika mchezo wake kuna mwanamke aliyeolewa Mombasa ambaye ameendelea kuweka kwa simu kwa miaka tisa. Tukaiga. Leo wanne kati yetu wako Dar es Salaam na zamu zao zimo daftarini. Husoma hesabu zao kwa simu iliyowekwa katikati ya mkeka, na mmoja wao ndiye anayewatafutia wenzake wanunuzi Kariakoo.

Sasa tuko thelathini na mmoja. Mwaka huu tumepewa tena ahadi ya chumba, kizuri, chenye kiyoyozi, na tutalijadili jambo hilo baada ya mwezi. Mimi nitasema tukikubali, Jumanne ibaki uani.

Jumanne ijayo ni zamu yangu. Vituo viwili vya maziwa vimeacha kunilipa tangu kiangazi kilipopunguza lita, mauzo yangu yameshuka kwa miezi mitatu mfululizo, na sijui kama nipunguze bei au nimwachishe kazi kijana mmoja kati ya wawili nilionao. Daftari nimekwisha kulinakili kwa mwandiko unaosomeka. Shangazi ameniuliza kama nitahitaji chai ya tangawizi au maji yatatosha.